Usiing'arishe keris, ule weusi ndo uzuri wake

Karibu kila mgeni anaesimama mbele ya kabati letu la keris, yaani majambia ya Wajava na Wamalei, anauliza swali lilelile, mbona hamuisafishi, anaona chuma cheusi kina michirizi ya kijivu anadhani ni kutu. Naomba nilieleze vizuri maana nishaletewa keris ya zamani sana imepigwa msasa mpaka inang'aa kama kisu cha jikoni, mwenyewe alijua anaitunza, kumbe kaifuta. Iliniuma kweli.

Ile michirizi inaitwa pamor. Fundi wa keris, Wajava, watu wa kisiwa cha Java kule Indonesia, wanamwita empu, anachukua chuma cha kawaida na chuma chenye nikeli anavitia motoni anavigonga mpaka vinashikana, anakunja anagonga tena anakunja tena, tabaka juu ya tabaka, alafu katikati anaweka chuma cha pua kishike makali. Mwisho anapaka maji ya ndimu na aseniki, ambayo ni sumu, chuma cha kawaida kinageuka cheusi ila chenye nikeli kinabaki cheupe na hapo ndo picha inatokea. Kuna pamor inaitwa wos wutah, yaani mchele uliomwagika, na ukiitazama kwa utulivu utaziona punje. Nikeli yenyewe zamani ilitoka kwenye chuma cha Luwu kule kisiwa cha Sulawesi, baadae ikatoka kwenye kimondo kilichoanguka karibu na Prambanan, hukohuko Java, kipande chake kikubwa kikapelekwa kasri la Surakarta mwaka 1797 na hadi leo kinaheshimiwa kwa jina la Kyai Pamor. Waliofika Mbozi kule Songwe wanakijua chuma cha namna hii.

Sasa umbo. Sio kila keris ina mawimbi, zilizonyooka ni nyingi tu, ila ikiwa na mawimbi lazima yawe witiri, tatu, tano, saba, kumi na tatu, sita hulikuti. Na tazama chini karibu na mpini, upande mmoja umetanuka kuliko mwingine, pale ndo fundi anaonyesha mkono wake, mimi huwa naanzia hapo kabla ya ncha. Wamalei nao wana mpini wanauita jawa demam, Mjava mwenye homa, ni mtu kajikunyata na mikono kaikumbatia kifuani, ukishaambiwa jina hutamuona kitu kingine tena.

Ni silaha ndio, ya kuchoma sio ya kukata, na hadithi za damu zipo, ile ya Ken Arok, aliekuja kuwa mfalme, aliemuua Empu Gandring kwa keris ambayo fundi mwenyewe alikuwa hajaimaliza kila Mjava anaijua. Lakini kazi yake kubwa ni kuvaliwa. Mjava anaichomeka mgongoni kwenye mshipi, Mmalei anaiweka mbele ubavuni, bwana harusi wa Kijava anaivisha kamba ya maua ya asumini, na sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana maana bwana harusi wetu na joho lake na jambia kiunoni hajaenda kupigana na mtu. Ni heshima, ni ukoo, ni mirathi. Ndo maana Uholanzi iliporudisha keris ya Pangeran Diponegoro, mwanamfalme wa Java aliepigana na Waholanzi, Machi 2020 Indonesia waliipokea kama kitu cha taifa, sio chuma kikuukuu.

Kuisafisha wanaisafisha, tena kwa adabu kubwa, hasa mwezi wa Suro ambao ndo Muharram yetu, wanatoa kutu kwa ndimu, wanarudishia aseniki, wanamalizia na mafuta ya sandali. Hiyo ni kazi ya mjuzi. Ukiwa nayo nyumbani wewe ifute tu na kitambaa laini chenye mafuta kidogo, usiiguse chuma kwa vidole maana jasho linaila, weka mbali na watoto, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, ile aseniki bado ni sumu.