Upya Pekee Haudumishi Kitabu

Kwa miaka mingi nimekuwa nikijalidi na kukarabati vitabu hapa Mwanza, na maneno ninayoyasikia mezani kwangu kuliko mengine yote ni haya: "Fundi, mbona kimeachia na ni kipya kabisa?" Juma lililopita yalitamkwa na mama mmoja wa Kirumba aliyeniletea riwaya katika mfuko mbadala, nusu ya kurasa zake zikiwa zimeshatengana na mgongo. Alikuwa ameinunua majuma matatu kabla, na alikuwa ameilipia bei kamili kwa sababu, kama alivyonieleza, hakutaka "kuhangaika na vya mtumba." Siku hiyohiyo mzee mmoja aliyeshuka kwenye meli ya kutoka Nansio aliniletea kitabu cha nyimbo za kanisani cha marehemu baba yake nimbadilishie jalada tu. Kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, lakini hakuna hata moja iliyokuwa imetoka. Nimelieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi mno, na sasa naliandika, pamoja na dhana nyingine potofu ninazozisikia.

Dhana: Kitabu kipya hudumu kuliko kilichotumika

Uimara wa kitabu hutokana na namna kurasa zake zilivyofungwa pamoja, wala hauongezwi na upya wake. Zipo njia mbili kuu. Katika njia ya kwanza, karatasi kubwa hukunjwa na kuwa vifungu, mara nyingi vya kurasa 16, kisha kila kifungu hushonwa kwa uzi katika mkunjo wake na kuunganishwa na kifungu kinachofuata. Katika njia ya pili mashine hukata mikunjo hiyo yote, ikaziacha karatasi zikiwa moja moja, halafu hupaka gundi ya moto kwenye mgongo na kubandika jalada. Njia ya pili ni ya haraka na ya gharama nafuu, ndiyo maana riwaya nyingi za jalada laini zinazouzwa leo zimetengenezwa hivyo. Gundi ikiwa nzuri na ya kutosha, kitabu cha namna hiyo kitakutumikia kwa miaka mingi. Ikiwa duni, au karatasi ikiwa ile inayong'aa ambayo hainyonyi gundi vizuri, kitabu kitaachia siku utakapokifungua kwa nguvu na kukilaza kifudifudi kitandani.

Uzi una tabia nyingine. Ukikatika mahali pamoja, mishono iliyobaki huendelea kushika, na fundi huweza kukishona upya kifungu kilicholegea bila kukigusa kingine, kama vile mvuvi asivyotupa wavu mzima kwa sababu ya jicho moja lililokatika. Gundi ya moto iliyokauka hupasuka kwa mstari mrefu kutoka juu hadi chini, na ufa huo ukishapita katikati ya mgongo, kila ukurasa ulio jirani nao hubaki ukisubiri zamu yake. Joto huzidisha tatizo hili, na mtu anayeacha kitabu juu ya dashibodi ya gari mchana kutwa, au katika chumba chenye mabati yasiyo na dari, anaidhoofisha gundi hiyo kila siku.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wafanye jambo dogo kabla ya kulipa. Shika kitabu kikiwa kimefungwa, utazame ncha ya juu ya mgongo pale karatasi zinapokutana na jalada. Kilichoshonwa huonyesha vifungu vidogo vilivyopinda, kimoja kando ya kingine. Kilichobandikwa kwa gundi mara nyingi huonyesha karatasi moja moja zilizosimama wima ndani ya gundi. Kisha kifungue katikati ya kifungu kimojawapo na uutafute uzi. Zoezi hili halifiki hata dakika moja, na muuza vitabu mwaminifu hatakukataza.

Liko jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui, nalo ni uelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi hujikunja kwa urahisi kufuata nyuzi zake, hivyo mchapishaji makini huhakikisha nyuzi hizo zinakwenda sambamba na mgongo. Zikiwekwa kinyume, kurasa hugoma kulala, na zikipata unyevu hufanya mawimbi karibu na mgongo. Sisi tunaoishi ufukweni mwa Ziwa Victoria huliona hilo upesi kuliko wengine: mvua za vuli au za masika zikianza, kitabu kilichokuwa kimenyooka dukani huanza kuvimba rafuni. Nimeona vitabu vipya vikiharibika hivyo katika msimu mmoja wa mvua.

Hapa ndipo kitabu cha mtumba kinapokuwa na faida ambayo watu hawaihesabu. Kitabu kilichopita mikononi mwa wasomaji kumi kimekwisha kujaribiwa. Kama gundi yake ilikuwa ya kuachia, pengine imeshaachia, nawe unaliona pengo kabla ya kutoa fedha yako. Kama karatasi yake ni ya kuvimba, imekwisha kuvimba. Kitabu kipya hakijaonyesha lolote. Vivyo hivyo kwa kitabu cha maktaba: kile ambacho kimeazimwa kwa miaka na miaka na bado kinafunguka vizuri kimetoa ushahidi ambao hakuna jalada linalong'aa linaloweza kuutoa.

Sisemi kwamba kila cha zamani ni imara. Kuanzia karne ya 19 hadi miongo ya mwisho ya karne ya 20, karatasi nyingi zilitengenezwa kwa massa ya mbao na kutiwa kemikali zinazoacha asidi, na asidi hiyo huila karatasi polepole hadi ikawa ya njano na ya kuvunjika kama jani kavu. Kunja pembe ya ukurasa wa mwisho taratibu mara mbili. Ikikatika, kiache, hata kama uzi wake ni mzima. Pini za chuma nazo hushika kutu upesi katika unyevu wetu, na kutu hiyo hula karatasi inayoizunguka.

Dhana: Harufu ya kitabu cha zamani ni harufu ya uzee tu

Zipo harufu mbili. Ile tamu kidogo, inayokaribiana na vanila, hutokana na karatasi inayozeeka, nayo haina madhara kwa vitabu vingine. Ile ya chumba kilichofungwa ni ukungu, na ukungu huhamia kwenye vitabu vilivyo jirani endapo rafu ina unyevu. Nyumba nyingi za milimani hapa mjini zimeegemea majabali, na ukuta wa upande wa jabali huwa na unyevu hata wakati wa kiangazi. Usipange vitabu vyako kwenye ukuta huo. Usinunue kitabu chenye madoa ya ukungu kwa matumaini ya kukianika juani. Jua litafifisha wino, litakausha gundi na kupindisha jalada, na vijimbegu vya ukungu vitabaki vikisubiri mvua.

Dhana: Chapa ya karibuni ni kitabu kilichoboreshwa

Toleo na chapa ni vitu viwili. Toleo jipya lina maana kwamba maandishi yamerekebishwa. Chapa mpya ina maana kwamba mitambo imewashwa tena na maneno ni yaleyale. Soma ukurasa wa haki za mchapishaji, ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Kwa riwaya, tamthiliya na mashairi, chapa ya miaka thelathini iliyopita itakupa hadithi ileile. Kwa vitabu vya sheria, kodi, tiba na masomo ya shule, nunua toleo la sasa bila kusita; mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, na kumnunulia mtoto kitabu cha kiada cha mtaala uliopita kwa sababu ni rahisi ni kutupa fedha.

Namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, nayo husaidia kukisia umri wake. Ikiwa na tarakimu 10, kitabu hicho kwa kawaida kilichapishwa kabla ya mwaka 2007, kwani tangu Januari mwaka huo namba hizo zina tarakimu 13.

Dhana: Kopi ya steshenari ni sawa na mtumba

Si sawa hata kidogo. Mtumba ni nakala halali ambayo mwandishi alishapata mrabaha wake iliponunuliwa mara ya kwanza. Kopi ya kitabu kizima ni ukiukaji wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mimi sijalidi kopi za namna hiyo, hata mteja akinisihi. Ukimpenda mwandishi aliye hai na uwezo unao, nunua kitabu chake kipya: hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kununua kipya.

Dhana: Maktaba ni ya wanafunzi wa mitihani

Maktaba ya Mkoa ni ya kila mtu, na kwa baadhi ya vitabu ni mojawapo ya milango michache iliyobaki. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuiandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilitoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Anayeitaka chapa ile ya kwanza leo hatakwenda duka la vitabu vipya. Ataitafuta maktabani, au kwa muuza mitumba mwenye subira.

Tena maktaba hukupunguzia hasara. Azima kwanza, soma, na ukiona utakirudia kitabu hicho, ndipo ukitafute cha kwako.

Dhana: Seloteipu huponya ukurasa uliochanika

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu hufanywa kwa upendo. Gundi ya seloteipu huingia ndani ya karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka, kisha plastiki yake hubanduka na kuondoka na maandishi. Kukifunika kitabu kwa nailoni iliyobana nako hufungia unyevu ndani. Karatasi ya kaki, ile tuliyofunikia madaftari shuleni, inatosha. Ukurasa ukitoka, uweke mahali pake ndani ya kitabu, ukizungushie kitabu utepe wa kitambaa usiobana, na ukilete kwa fundi kikiwa hivyohivyo.