Kabla hujailaumu lenzi: kwa nini jicho linafifia na sikio linatoka kali

Kwenye meza yetu ya ukaguzi wa kamera kuna lalamiko linalorudi kila mara. Mtu ananunua lenzi isiyo na zumu, ya milimita 50 au 85, yenye tundu kubwa la kupitishia mwanga, f/1.4 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Anampiga picha mwanawe, alama ya fokasi, yaani ya mahali picha inapotakiwa kuwa kali, ikiwa juu ya jicho kabisa, na kamera inalia kumjulisha kwamba imekamata. Akiifungua picha kwenye kompyuta anakuta sikio ni kali na jicho limefifia. Basi anakuja na hukumu mkononi: lenzi ni mbovu.

Huenda kweli ni mbovu. Ila naomba kwanza tuitazame kazi ambayo lenzi hiyo imepewa. Chukua kamera yenye kihisi, yaani kile kipande kinachopokea picha, cha milimita 36 kwa 24, uifunge lenzi ya milimita 85, tundu liwe f/1.4, na mtu asimame mita 1.5 mbele yako. Eneo lote litakaloonekana kali, mbele na nyuma ya pale ulipolenga, ni kama sentimita 2.5 tu. Ukibana tundu hadi f/5.6 unapata karibu sentimita 10, na makosa mengi madogo yanajificha humo. Ndani ya kamera mambo ni magumu zaidi: kwa f/1.4, nafasi ambamo picha inaweza kuangukia bila kuonekana imefifia ni takriban milimita 0.08. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ni nene kuliko hapo.

Sasa ongeza muundo wa DSLR, yaani kamera za kidijitali zenye kioo ndani. Kamera hizi hazipimi fokasi pale picha inapopigwa. Sehemu ya mwanga hupenya kioo kikuu, ikapokelewa na kioo kidogo kilicho nyuma yake na kuelekezwa chini, kwenye kipimio kilichofichwa sakafuni mwa kamera. Umbali wa kufika kwenye kipimio unatakiwa uwe sawasawa na umbali wa kufika kwenye kihisi. Kioo kikikaa upande hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, kipimio kitasema “tayari” wakati kihisi bado kinaona ukungu. Lenzi nayo ina tofauti zake ndogo za kiwandani, na tofauti hizo zikielekea upande mmoja na za kamera, zinajumlishana. Ndiyo maana lenzi moja inaweza kuwa sahihi kwenye kamera yako na ikakosea kwenye ya rafiki yako, bila mojawapo kuwa mbovu. Watengenezaji walilitambua hilo. Mwaka 2007 Canon EOS-1D Mark III na Nikon D3 zilitoka zikiwa na menyu ya kumwezesha mwenye kamera kurekebisha fokasi kwa kila lenzi.

Kuna pia tabia ya lenzi yenyewe. Katika lenzi nyingi zenye tundu kubwa, miale inayopita pembezoni mwa vioo haikutani pale pale na ile inayopita katikati. Fokasi hupimwa tundu likiwa wazi. Ukipiga kwa f/2.8, tundu linabanwa, miale ya pembezoni inakatwa, na mahali penye ukali panasogea. Rangi ya mwanga nayo ina athari: fokasi iliyosahihishwa mchana inaweza kukosea kidogo chini ya balbu ya manjano.

Lakini kosa ninalotamani watu walijue kuliko yote halimo ndani ya kamera. Ni kule kulenga jicho kwa alama ya katikati, kushikilia kitufe nusu, kisha kugeuza kamera ili kupanga picha. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye mita 1.5, ukigeuza nyuzi 15 tu, jicho linabaki sentimita 5 mbele ya bapa la fokasi, yaani ule umbali ambapo vitu huonekana vikali. Kwa f/1.4 eneo kali upande wa mbele halifiki hata sentimita 4. Jicho limeshatoka nje, na hakuna fundi atakayeliponya hilo. Chagua alama iliyo karibu na jicho, usigeuze kamera. Pia kumbuka kwamba mwili wa binadamu unayumba: ukishakamata fokasi na kusubiri tabasamu, wewe na unayempiga mmeshasogea. Fokasi endelevu, ambapo kamera haiachi kufuatilia unachokilenga, husaidia hapo.

Utajuaje basi tatizo ni lipi? Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Simamisha ubao wenye maandishi meusi ukiielekea lenzi bapa kwa bapa, na pembeni yake rula iliyolazwa kwa mshazari. Lenga ubao, usilenge rula, kwa sababu eneo linalopimwa ni pana kuliko alama unayoiona na linaweza kukamata tarakimu usiyoitaka. Umbali uwe kama mara 50 ya zile milimita zinazotajwa kwenye lenzi: mita 2.5 kwa lenzi ya milimita 50. Piga picha 10, na kabla ya kila moja vuruga fokasi kabisa. Kisha piga nyingine 10 ukilenga kupitia skrini ya nyuma, ambapo kihisi chenyewe ndicho kinachopima.

Picha za skrini zikiwa kali na zile 10 za kwanza zikikosea zote upande mmoja, hilo ni suala la marekebisho. Nenda kwenye menyu, songeza hatua chache, rudia jaribio. Zikitawanyika, moja mbele, nyingine nyuma, menyu haitakusaidia: ongeza mwanga, tumia alama ya katikati, kisha upime tena. Picha za skrini nazo zikififia upande mmoja tu wa fremu, huenda vioo vya lenzi vimepinda kwenye makazi yake.

Kamera zisizo na kioo zimeondoa ile tofauti ya njia mbili, kwa kuwa kihisi kinachopiga ndicho kinachopima, na nyingi hutafuta jicho zenyewe. Hata hivyo, kusogea kwa fokasi tundu linapobanwa kunaweza kubaki, na jicho lililotambuliwa linaweza kuwa kope.

Ukifikia uamuzi wa kupeleka kwa fundi, peleka kamera na lenzi pamoja, na zile picha 20 kama zilivyotoka kwenye kamera, bila kuzihariri.