Tofali bichi: namna ngome ya Bahla inavyosimama na kinachoiangusha

Ukitaja ngome kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wengi hufikiria Ngome ya Yesu ya Mombasa au Ngome Kongwe ya Unguja: mawe ya matumbawe, chokaa, kuta zinazokaa karne na karne. Lakini neno ngome linataja kazi ya jengo, si kitu lilichojengewa. Huko Bahla, bara ya Oman, chini ya milima ya Jabal Akhdar, kama kilomita 200 kutoka Maskati, kuna ngome ambayo kuta na minara yake ni tofali bichi zilizopangwa juu ya msingi wa mawe. Ili kuielewa ngome hiyo, lazima kwanza tofali bichi lieleweke.

Tofali bichi ni udongo uliofinyangwa kwenye kalibu ukakaushwa na jua. Halikuingia tanuruni, na tofauti yote imo humo. Udongo ukichomwa kwa moto mkali, mfinyanzi wake, yaani ile sehemu laini inayonata, hubadilika na haurudi tena kuwa tope hata ukilowekwa mwaka mzima. Tofali bichi halijabadilika. Limepoteza maji tu. Ukilirudishia maji, linarudi kuwa tope. Huo ndio udhaifu wake, na pia ndio uliolifanya lidumu: ukuta ulioanguka huvunjwavunjwa, hulowekwa, hufinyangwa upya, na ukuta mpya hutoka katika ule wa zamani bila kutafuta kitu kipya.

Lisichanganywe na nyumba yetu ya miti na udongo. Katika nyumba ya kukandika, miti na fito ndizo zinazobeba paa, na udongo unaziba nafasi. Katika ukuta wa tofali bichi hakuna mti ndani. Udongo wenyewe unabeba kila kitu. Tena ni tofauti na udongo wa kushindilia, ule unaomwagwa kati ya mbao mbili na kupigwa hadi ukaze, kama zilivyojengwa sehemu kubwa za kijiji cha kale cha Aït Ben Haddou huko Morocco.

Udongo wenyewe si wowote. Ukiwa na mfinyanzi mwingi, tofali hupasuka linapokauka, kwa sababu mfinyanzi hunywea. Ukiwa na mchanga mwingi, kona humomonyoka kwa kuguswa tu. Kiasi kinachofaa ni mfinyanzi wa robo hivi, unaobaki uwe mchanga na vumbi laini. Kipimo cha haraka: jaza chupa nusu kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache siku nzima. Mchanga hutua chini, vumbi laini juu yake, mfinyanzi mwisho kabisa, na tabaka zinaonekana kwa macho. Baadaye finyanga tofali mbili tatu za majaribio uzikaushe kabla ya kuanza mamia.

Mchanganyiko hutiwa makapi au majani makavu yaliyokatwakatwa. Wengi hudhani majani yanaongeza nguvu ya kubeba. Kazi yake kubwa ni kugawa mnyweo, ili badala ya ufa mmoja mpana zitokee nyufa ndogo nyingi zisizo na madhara. Tope hukanyagwa kwa miguu, hufunikwa, huachwa lilale siku kadhaa ili maji yafike kwenye kila punje. Tofali likitoka kwenye kalibu hulazwa juu ya mchanga, baada ya siku mbili tatu husimamishwa kwa ubavu, kisha huachwa wiki kama tatu au nne. Kosa la kawaida ni haraka: tofali lililokauka nje lina unyevu ndani, na likibebeshwa mzigo hupondeka. Vunja moja katikati. Rangi ikiwa nzito moyoni, subiri. Kwa uzito, tofali la sentimita 30 kwa 30 kwa 10 hufika kilo 15 hivi, kwa hiyo anayepanga kujenga mnara ahesabu wabebaji mapema.

Ukuta hujengwa mnene chini na kupungua unapopanda. Tope la kuunganishia huwa ni udongo uleule wa tofali, ili vyote vinywee na kupanuka pamoja. Unene huo ndio unaoleta hali ya hewa nzuri ndani: joto la mchana huchukua saa nyingi kupenya, likifika ndani ni usiku, na usiku wa jangwani ni baridi. Chini, mawe hupandishwa juu ya usawa wa ardhi, maana maji ya ardhini hupanda kwenye udongo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi.

Upana wa vyumba uliamuliwa na mti. Bara ya Oman boriti za dari zilikuwa vigogo vya mtende, ambavyo havibebi dari nzito kwenye nafasi pana, na ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Msomaji wa Lamu anaijua hali hiyo kwa boriti za mikoko, na boriti hizohizo za Lamu na Rufiji zilipakiwa majahazini kwenda Oman na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Juu ya vigogo huja makuti au mikeka, kisha udongo mnene wenye mteremko mdogo, na milizamu ya mbao inayotoka nje ya ukuta ili maji yadondoke mbali.

Bahla ilikuwa makao makuu ya ukoo wa Banu Nabhan, waliotawala bara ya Oman kuanzia karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15. Mapokeo ya Pate, katika visiwa vya Lamu, yanasema watawala wake Wanabhani walitoka katika ukoo huohuo. Mji ulikuwa pia kitovu cha Uibadhi, madhehebu yaliyofika Zanzibar pamoja na Waomani. Ngome haikujengwa kwa mkupuo mmoja. Al-Qasaba ndiyo sehemu kongwe; Bait al-Jabal ni ya karne ya 18, na Bait al-Hadith, yaani Nyumba Mpya, ni ya karne ya 19. Pembeni uko Msikiti wa Ijumaa wenye mihrabu iliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Kuzunguka mji na mitende yake ulipita ukuta wa takriban kilomita 12, wenye malango na minara ya walinzi. Ukuta huo ndio unaoonyesha kilicholindwa hasa: mashamba, na maji ya falaj, mifereji inayopita chini ya ardhi kutoka vyanzo vya mbali. Bila falaj, mashamba hayo yasingemaliza kiangazi kimoja.

Basi nini huiangusha? Si jua, wala umri. Ni maji, na hupitia njia mbili. Ya kwanza ni juu: mvua ya jangwani ni haba lakini hushuka kwa nguvu, na ikikuta kichwa cha ukuta kiko wazi au mlizamu umeziba, huchimba mfereji wima unaoongezeka kila msimu. Ya pili ni chini, na ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani mapema. Maji yanayopanda kutoka ardhini hubeba chumvi. Yakikauka kwenye uso wa ukuta, chumvi huganda na kusukuma punje za udongo zitoke. Ukuta huliwa kwenye kifundo, hupungua unene mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote, kisha siku moja huinama. Mchwa nao hula makapi ndani ya tofali na vigogo vya dari.

Hapo ndipo watu hukimbilia saruji. Neno lenyewe lina historia hapa. Saruj ya Oman ni udongo uliochomwa kwa magogo ya mtende ukapondwa kuwa unga, na ulitumika kwenye mifereji ya falaj na mabirika, mahali ambapo maji hayaepukiki. Saruji ya kiwandani ni kitu kingine, na ikipigwa lipu juu ya tofali bichi hufanya kinyume cha inachotarajiwa. Ni ngumu mara nyingi kuliko udongo, haipanuki nao, hivyo hupata nyufa nyembamba. Maji huingia kwenye ufa, hayawezi kutoka kwa sababu lipu haipumui, yanateremka na kukusanyika chini. Kwa nje ukuta unapendeza. Kwa ndani ni tope. Lipu ikibanduka, huondoka na uso wa tofali.

Bahla iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka 1988 tu ikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, kwa kuwa kila msimu wa mvua uliondoka na kipande chake. Kulikuwa na ukarabati uliokwisha kuanza kwa vifaa na njia zisizofaa. Kuanzia mwaka 1995 kazi ilirudishwa kwenye udongo: nyua zikatolewa maji, vichwa vya kuta vikafunikwa, sehemu za al-Qasaba zikaezekwa, lipu ya udongo ikapigwa, dari zilizoanguka zikarudishiwa. Iliondolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na ikafunguliwa kwa wageni mwaka 2012.

Mpangilio wa kazi hiyo unafaa kufuatwa na yeyote mwenye ukuta wa udongo. Anza na maji: mteremko wa uwanja, milizamu, paa. Kisha kifundo cha ukuta: ondoa udongo ulioliwa na chumvi, jaza tofali bichi mpya zilizokauka kabisa, kipande kifupi kwa wakati, ukuta ukiwa umeegemezwa. Lipu huja mwisho, tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine, kwenye ukuta ulionyunyiziwa maji kidogo. Hurudiwa kila baada ya misimu michache, kwani imewekwa ili iliwe yenyewe badala ya tofali. Na ufa wima wa kwenye kona usizibwe kwa lipu kabla ya kuchimba pembeni na kuona msingi umekaaje.