Masomo mtandaoni katika chuo kikuu cha Lubumbashi: kwanza mega za mwanafunzi, seva baadaye

Chuo kinapoamua kuhamishia masomo mtandaoni, kamati huanza kubishana juu ya seva, kompyuta kuu ya kuhifadhi masomo: inunuliwe ipi, iwekwe wapi, nani ashike ufunguo wa chumba. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni mwanafunzi wa Ruashi au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, mwenye simu ndogo, aliyenunua mega (bando la intaneti) za siku moja, na nyumbani delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) imeanza tangu asubuhi. Akishindwa kufungua somo lake kwa hali hiyo, chuo kitakuwa kimejenga jukwaa la kuonyesha wageni.

Jukwaa la masomo ni tovuti ambamo kila kozi ina chumba chake: mpango wa kozi, masomo ya kusoma, kazi za kuwasilisha, interro (majaribio mafupi), alama, na mahali pa kuulizana maswali. Linalotumika sana vyuoni ni Moodle, lililoanzishwa na Martin Dougiamas nchini Australia na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Ni programu huria, haina ada ya leseni. Pesa zitaliwa na kompyuta, umeme, muunganisho na mishahara. Pawe na watu wasiopungua wawili wanaoijua seva hiyo kwa undani. Akiwa mmoja tu, siku akiugua hakuna wa kufungua kitu.

Wengi huuliza kwa nini kundi la WhatsApp la promosio (wanafunzi wa mwaka mmoja wa masomo) lisitoshe. Kwa kupasha habari linatosha kabisa, na liachwe liendelee. Lakini haliwezi kuthibitisha nani aliwasilisha kazi saa ngapi, haliweki alama, na mwanafunzi akiibiwa simu silabi zake (vitabu vya kozi) huenda nayo. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, dokta), lisansi ya krediti 180 inahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi peke yake nje ya odituari (ukumbi wa masomo). Saa hizo zinahitaji mahali pa kuelekezwa na kufuatiliwa.

Uzito wa faili

Hapa ndipo majukwaa mengi hufa, kwa hiyo tuhesabu. Silabi ya kurasa 80 iliyopigwa picha kwa simu, kila ukurasa megabaiti 1.5, ni megabaiti 120. Silabi hiyohiyo ikihifadhiwa kama PDF moja kwa moja kutoka Word, ikiwa ni maandishi tu, kwa kawaida haizidi megabaiti 2. Promosio ya watu 600 ikipakua ile ya kwanza, ni gigabaiti 72. Kwa muunganisho wa megabiti 20 kwa sekunde (megabiti 8 ni megabaiti 1), laini ya chuo itajaa kwa muda wa saa 8 mfululizo. Ile ya pili ni gigabaiti 1.2, na inamalizika kwa dakika 8. Seva ni ileile, laini ni ileile.

Sauti na video zina hesabu yao. Video ya saa nzima kwa megabiti 1.5 kwa sekunde ni megabaiti 675. Sauti ya mwalimu peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni megabaiti 14 na ushee, na inasikika vizuri. Wekeni basi sharti hili: sauti na PDF ya maandishi ndiyo kawaida, video fupi ya dakika 5 hadi 7 iwe kwa kile kinachohitaji kuonekana, mathalani mchoro unaochorwa hatua kwa hatua au kipimo cha maabara. Silabi ya zamani iliyobaki kwenye karatasi tu isipigwe picha; iskaniwe rangi ya kijivu, nukta 150 kwa inchi. Moodle ina programu ya simu inayomruhusu mwanafunzi kupakua kozi akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo na kuisoma nyumbani bila mega. Mpango wake wa bure una mipaka, nayo isomwe kabla ya kuwaahidi wanafunzi chochote.

Majina, matrikuli, barua pepe

Kazi hii inaonekana ndogo, kumbe ndiyo inayoleta foleni ndefu mlangoni wiki ya kwanza. Sisi Wakongo tuna jina, postnomu na jina la ubatizo. Mfumo una visanduku viwili tu. Bila kanuni, mtu mmoja atakuwa Kabwe Ilunga kwenye kozi hii na Ilunga Kabwe kwenye ile, na siku ya delibe (kikao cha walimu cha kuamua matokeo) alama zake zitakuwa za watu wawili. Amueni mara moja: jina na postnomu pamoja katika kisanduku cha jina la ukoo, jina la ubatizo katika kingine, kwa mpangilio uleule wa orodha ya apariteri (ofisi ya uandikishaji).

Jina la kuingilia liwe namba ya matrikuli, yaani namba ya usajili ya mwanafunzi. Ikiwa ina herufi, ziwe ndogo zote, kwa sababu Moodle haikubali herufi kubwa hapo. Orodha huingizwa kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), nalo lina mitego mitatu. Excel ya Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato badala ya mkato, kwa hiyo chagueni alama hiyohiyo wakati wa kupakia. Matrikuli inayoanza na sifuri hupoteza sifuri zake, msipoifanya safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kubandika. Na faili lisipohifadhiwa kwa UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi), kila é katika majina hugeuka alama zisizosomeka. Jaribuni na majina 10 kwanza, yakiwemo yenye é, kabla ya kuingiza 3,000.

Kwa kawaida mfumo unataka kila mtu awe na barua pepe yake. Wanafunzi wengi walifunguliwa anwani dukani siku waliponunua simu, na nenosiri hawalijui. Wakisahau nenosiri la jukwaa, kiungo cha kulibadili kinatumwa mahali wasipoweza kufika. Kwa mwaka wa kwanza nashauri kuwe na dawati apariteri: mwanafunzi anakuja na kadi yake, nenosiri linabadilishwa mbele yake. Ni kazi ya kuchosha, lakini inaokoa wengi.

Wanafunzi waunganishwe na kozi kwa kundi la promosio, wasiandikishwe mmojammoja. Hapo angalieni mpangilio mmoja: mtu anapotolewa kwenye kundi, mfumo unaweza kumfuta kwenye kozi, na alama zake zikatoweka kwenye orodha. Chagueni asimamishwe, asifutwe.

Saa na mipaka

Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Seva ikipangwa kwa saa za Kinshasa, kazi inayotakiwa saa 6 usiku itabaki wazi mpaka saa 7 usiku hapa, na interro ya asubuhi itachelewa kufunguka huku watu 300 wakitazama skrini. Chagueni Africa/Lubumbashi, kwenye seva na kwenye jukwaa. Tena msiweke mwisho wa kazi 00:00. Nusu ya darasa itaelewa ni usiku wa jana na nusu usiku wa leo. Andikeni 23:55.

Malalamiko ya kwamba faili limekataa kupanda yana chanzo kimoja mara nyingi. PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa, kwa kawaida inaruhusu faili la megabaiti 2, na Nginx, programu ya seva ya wavuti, inaruhusu ombi la megabaiti 1. Picha moja ya simu ina megabaiti 3 hadi 5. Mipaka iko ngazi tano: seva ya wavuti, PHP, jukwaa zima, kozi, na kazi yenyewe, na ulio mdogo kuliko yote ndio unaotawala. Megabaiti 20 kote zinatosha.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ubaki kwenye karatasi mwaka wa kwanza. Anzeni na TP (kazi za vitendo) na interro. Wanafunzi 400 wakibofya kuanza kwa sekunde moja, seva inayobeba vizuri siku ya kawaida itasimama. Wagawanyeni makundi ya 100, kila dakika 15 kundi moja, maswali yakichotwa katika benki ya maswali. Majibu huhifadhiwa yenyewe kila baada ya sekunde 60 hivi, kwa hiyo aliyekatikiwa na mtandao anaweza kurudi alipoishia ikiwa muda haujaisha. Waambiwe hivyo kabla, maana hofu ndiyo inayowafanya waanze kubofya ovyo.

Umeme

Ondilera ndogo (kifaa chenye betri cha kushika umeme ukikatika) hushika seva dakika 10 hadi 20. Hizo ni dakika za kuizima kwa heshima, na ipangwe ijizime yenyewe. Ikikatika ghafla, hifadhidata inaweza kuharibika. Mkitaka ivuke delestaji ya saa 6, seva ya wati 300 itakula kilowati-saa 1.8, karibu 2.1 ukiongeza kinachopotea kwenye invata (kigeuzi cha umeme wa betri). Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina kilowati-saa 2.4 kwa jina, lakini ukiishusha chini ya nusu itakufa upesi. Zinahitajika mbili. Chuo kisichoweza hayo kikodishe seva nje. Kinachoweza kiweke seva chuoni, na jina la tovuti lielekezwe ndani ya Wi-Fi, ili mwanafunzi aliye kampasi afike bila kupitia intaneti wala kutumia mega.

Pesa za silabi

Hili lazima lisemwe waziwazi. Asistenti au profesa ambaye mauzo ya silabi ni sehemu ya mapato yake hataiweka bure mtandaoni kwa sababu ya barua ya rekta. Ataweka kurasa tatu, na chumba cha kozi kitabaki tupu. Wanaomwita mkaidi wanakosea: anaombwa kazi zaidi kwa pesa pungufu. Chuo kikae na walimu kabla ya kuanza, kiamue malipo ya kuandaa kozi, na yatoke kwenye fungu linalojulikana. Baada ya hapo ndipo chuo kina haki ya kudai kozi kamili: mpango, masomo ya kila wiki, kazi moja, interro moja. Anzeni na promosio moja na kozi 10, kwa muhula mmoja. Walimu wafundishwe wakiwa 12 hadi 15, kila mmoja akipakia kozi yake halisi palepale. Na kazi ikishakubaliwa mtandaoni isidaiwe tena kwenye karatasi, kwani mwanafunzi hulipia mara mbili, mega na fotokopi.

Kila usiku seva itoe nakala ya vitu viwili pamoja: hifadhidata, na folda ya mafaili ya Moodle. Kimoja bila kingine hakirudishi kozi. Nakala ikae jengo lingine, na mara moja kila muhula irudishwe kwenye kompyuta tupu, mtu aingie kama mwanafunzi, afungue kazi ya wiki ya 3 na kuangalia kama alama ipo.