CTLA4: jeni ambayo nusu yake haitoshi

Jeni nyingi tunazirithi kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na moja ikiharibika ile iliyobaki hubeba kazi yote bila mwenyewe kujua. CTLA4 haina uvumilivu huo. Iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 2, katikati ya ndugu zake CD28 na ICOS. Ina eksoni 4 tu, yaani vipande vinavyobeba maelekezo ya protini, na protini inayotokana nayo, iitwayo CTLA-4, ina asidi amino 223. Ni jeni ndogo, lakini kwa binadamu ikipungua kwa nusu, seli T, askari wa kinga ya mwili, zinaweza kuugeukia mwili uleule unaozilisha.

Karibu kila anayeiandika huiita breki ya seli T. Mimi mfano huo siupendi sana. Breki hukaa ndani ya gari linalosimamishwa, ilhali CTLA-4 hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwenye seli ya jirani.

Seli T haiamki kwa ishara moja. Kwanza kipokezi chake kitambue kipande cha antijeni, yaani kitu kinachoamsha kinga, kilicholetwa mbele yake na seli nyingine. Pili, CD28, protini iliyo juu ya utando wake, ishikane na CD80 au CD86, protini za juu ya ile seli iliyoleta antijeni. Ya kwanza ikija bila ya pili, seli T huzubaa tu. Sasa, CTLA-4 nayo hushikana na CD80 na CD86 zilezile, tena kwa nguvu kuliko CD28. Hapo tayari CD28 imepokonywa nafasi, ila mambo hayaishii hapo. Mwaka 2011 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba CTLA-4 ikishaishika CD80 au CD86 huing'oa kutoka kwenye utando wa seli jirani, huivuta hadi ndani ya seli yake yenyewe na kuivunjavunja humo. Seli iliyonyang'anywa bado ina antijeni ya kuonyesha, lakini haina tena cha kuamshia seli T itakayofuata.

Ndiyo maana protini hii huwahangaisha wanaoanza kuipima. Weka kingamwili yenye rangi inayong'aa juu ya seli T nzima, zipitishe kwenye mashine ya kusoma mwanga, uone: karibu hakuna kitu. Toboa utando kwa kemikali kwanza, paka rangi ileile, mwanga unapanda. Sehemu kubwa ya CTLA-4 imo ndani. Hutokeza juu, hukamata inachokikuta, na kurudi ndani baada ya dakika chache. Seli T dhibiti, zile zinazotuliza kinga na kutambulika kwa protini FOXP3, huwa nayo muda wote. Nyingine huitengeneza baada ya kuamshwa.

Mwaka 1995 panya walioondolewa jeni hii kabisa walikufa wakiwa na umri wa wiki 3 hadi 4, limfositi (seli nyeupe za kinga, zikiwemo seli T) zikiwa zimezaliana ovyo na kuvamia moyo na kongosho. Panya aliyebaki na nakala moja nzima alisalimika. Kwa binadamu hali ni tofauti, na hilo lilithibitishwa mwaka 2014 kwa watu waliozaliwa na nakala moja mbovu: utumbo uliovimba na kuhara kusikokoma, seli za damu kuangamizwa na kingamwili za mwili wenyewe, limfositi kujaa mapafuni na hata ubongoni. La kushangaza, wengi wao wana upungufu wa kingamwili za kupambana na vijidudu, kwa hiyo wanashambuliwa kutoka pande zote mbili.

Wapo pia ambao CTLA4 yao haina doa lakini wanaugua vivyo hivyo. Kwao kasoro iko kwenye LRBA, protini inayoiokoa CTLA-4 isipelekwe kuvunjwa kwenye lisosomu, jalala la ndani ya seli. Jeni inaandika vizuri, ila kinachoandikwa kinatupwa kabla ya kutumika.

Dawa zake zinaeleweka kirahisi ukishayajua haya. Abatacept, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa ugonjwa wa baridi yabisi, ni sehemu ya nje ya CTLA-4 iliyoungwa na kipande cha kingamwili. Inaziba CD80 na CD86, na leo huwafaa pia waliozaliwa na kasoro hizi mbili. Ipilimumab, iliyoidhinishwa mwaka 2011 kwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, inafanya kinyume: inaizuia CTLA-4 ili seli T ziishambulie saratani. Kazi hiyo ilianzia kwa James Allison na panya wake mwaka 1996, na ikampatia Nobel mwaka 2018 pamoja na Tasuku Honjo. Madhara makubwa ya ipilimumab? Kuvimba kwa utumbo mpana, ini, ngozi na tezi za homoni. Ni kama kumwazima mgonjwa kasoro ya jeni kwa muda.

Swali gumu ni la ndugu wa mgonjwa: nimekutwa na kasoro hiyohiyo, je, nitaugua? Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, kati ya watu 133 wenye kasoro ya CTLA4, 90 waliugua. Waliobaki hawakuwa na dalili, na ndani ya familia moja mzazi anaweza kuwa mzima huku mtoto akiwa mahututi. Kwa asiye na dalili, mimi sishauri dawa. Apimwe hesabu ya seli za damu, kiwango cha kingamwili, tezi ya shingo na mapafu, na vipimo hivyo virudiwe mara kwa mara hata kama anajisikia mzima.