Je, wajua kwa nini Liemba ilizama mara mbili na haikuoza?

Kwa watu wa Kigoma na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi Kasanga kule kusini, kwa miaka mingi Liemba imekuwa meli ya dagaa, mahindi, magodoro na ndugu wanaowahi msiba. Karibu kila mtu anajua kwamba ni meli ya zamani na kwamba aliijenga Mjerumani na ikatumika vitani. Kinachotajwa mara chache ni kwamba kati ya 1916 na 1924 meli hii ilikaa chini ya maji kwa muda mrefu, na ilipoibuliwa injini na boila zake zilikutwa bado zinafaa. Chuma na maji havipatani, hilo hata mtoto anayeacha baiskeli mvuani analijua. Sasa Liemba ilinusurikaje?

Jibu linaanza na mafundi watatu.

Meli ilijengwa mwaka 1913 na Meyer Werft, mjini Papenburg, Ujerumani. Iliitwa Graf von Goetzen, kwa jina la mtu aliyewahi kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa kuwa hakuna njia ya meli kutoka baharini hadi Ziwa Tanganyika, ilibidi ifunguliwe vipande vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha yakapanda reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kazi ya kuiunga upya walipewa mafundi watatu wa Papenburg: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Walifanya kazi na vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi, watu ambao simulizi nyingi huwataja kwa jumla tu, bila jina hata moja. Hilo linaniuma kila ninaposoma habari za meli hii, kwa sababu ribiti, yaani misumari minene inayounganisha mabamba ya chuma, hazikujigonga zenyewe. Kila moja ilichomwa motoni ikawa nyekundu, ikapenyezwa kwenye tundu, mtu akaishikilia upande mmoja na mwingine akaigonga upande wa pili mpaka kichwa kikatandazika. Meli ina urefu wa mita 71 hivi. Hebu fikiria ni nyundo ngapi hizo.

Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshapamba moto. Ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari ya Königsberg, ile ambayo Waingereza waliishambulia katika delta ya Rufiji na ambayo mabaharia wake waliizamisha wenyewe Julai 1915. Kwa meli hiyo Wajerumani walilitawala ziwa zima. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa reli, kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe porini Kongo, na kwa mto, mpaka ufukwe wa magharibi. Kamanda wao alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Waliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, tarehe 26 Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Goetzen hawakuigusa, ilikuwa kubwa mno kwao.

Kilichoiondoa Goetzen vitani ni nchi kavu. Majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yanasonga kuelekea reli, na mwezi Juni 1916 ndege zao za majini ziliishambulia Kigoma kwa mabomu. Mzinga mkubwa ulikuwa umeshang'olewa ukatumike kwingine. Mwishoni mwa Julai amri ikatoka: mji unaachwa, meli izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa adui.

Amri ya kuizamisha ikawaangukia walewale walioiunga. Wangeweza kutega baruti wakaivunja mgongo. Wangeweza pia kuipeleka mbali kidogo, kwani Tanganyika ina kina cha mita 1,470 mahali pake penye kina zaidi, na kitu kikishuka huko hakirudi. Hawakufanya hata kimoja. Waliipaka mitambo grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaishusha taratibu tarehe 26 Julai 1916 karibu na Ghuba ya Katabe, si mbali na Kigoma, mahali penye kina cha kama mita 20. Walitii amri, lakini waliizamisha kwa namna ambayo ingewezesha kuibuliwa baadaye.

Tazama sasa kila hatua ilifanya nini.

Kutu huhitaji vitu viwili vikutane na chuma: maji na oksijeni. Kimoja kikikosekana, kutu inakwama au inakwenda polepole sana. Grisi huzuia vyote viwili. Mkulima anayelipaka jembe mafuta kabla ya kuliweka darini anafanya jambo lilelile. Tena sehemu zinazohitaji ulinzi zaidi ndani ya injini ya mvuke ni zile zilizong'arishwa kwa usahihi, kama kuta za silinda, fito za pistoni na beringi. Bodi la meli likiliwa na kutu unene wa ukucha, meli bado inaelea. Silinda ikiliwa kiasi hicho, mvuke unavuja na injini haina nguvu tena. Kwa hiyo grisi ilipelekwa mahali panapostahili, na waliojua mahali hapo ni wale waliozifunga injini hizo kwa mikono yao.

Mchanga ulikuwa na kazi yake. Uliipa meli uzito wa kutulia chini bila kusukwasukwa na mawimbi. Isitoshe, maji yaliyonaswa katikati ya mchanga hayazunguki kwa urahisi, na maji yasiyozunguka yakishamaliza oksijeni yake hayapati nyingine haraka.

Halafu kuna ziwa lenyewe, na hapa ndipo Kigoma inapoipita pwani. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Maji ya Tanganyika hayafikishi hata gramu 1. Chumvi hurahisisha umeme mdogo mdogo kupita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na kutu kwa kweli ni kazi ya umeme huo. Chumvi pia hujipenyeza ndani ya chuma, kiasi kwamba kitu kilichotolewa baharini huendelea kuoza hata kikiwa kabatini kwenye makumbusho, mpaka kilowekwe kwa miezi au miaka ili chumvi itoke. Maji ya Tanganyika yana sifa nyingine njema: yana hali ya magadi kidogo, hayana uchachu, na hali hiyo hupunguza kasi ya kutu kwenye chuma cha kawaida kama cha Liemba.

Ulinganifu mzuri upo hapahapa Tanzania. Königsberg na Goetzen ziliachwa majini zikiwa zimepishana mwaka mmoja tu. Königsberg ilibaki Rufiji, kwenye maji yanayopanda na kushuka, yenye chumvi na matope, ikikatwa na watafuta vyuma chakavu miaka nenda rudi, na hatimaye mabaki yakamezwa na tope. Leo ukitaka kuugusa mwili wa Königsberg itabidi ufuate mizinga yake: mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria mbele ya Union Buildings. Goetzen nayo ilirudi kazini.

Haikurudi mara moja. Wabelgiji waliiibua mwaka 1918 na kuivuta hadi bandarini Kigoma, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Nchi ya Tanganyika ilipoingia mikononi mwa Mwingereza, kazi ikaanza upya, na tarehe 16 Machi 1924 meli ikaibuka kwa mara ya pili. Mitambo ilikaguliwa ikaonekana inafaa, meli ikafanyiwa matengenezo, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya la Liemba. Injini zilezile za mvuke ziliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, zilipotolewa na kufungwa za dizeli.

Kuibua ni wakati wa hatari kuliko wengi wanavyodhani. Chuma kilichotulia chini ya maji kikipigwa na hewa ghafla, kikiwa bado kimelowa, huota kutu nyingi zaidi ndani ya siku chache kuliko kilivyoota kwa miezi. Ndiyo maana wanaohifadhi magari ya kivita, boti na ndege za zamani hawakimbilii kunyanyua kitu. Kwanza wanauliza kitawekwa wapi, kitasafishwa na nani, na nani atalipa mwaka wa pili na wa kumi. Kama hakuna jibu, ni afadhali kitu kibaki chini. Hedwig von Wissmann bado imelala ziwani, na kwa sasa sioni mahali salama kuliko hapo.

Mpaka hapa nimeeleza jinsi ilivyopona miaka minane ya kwanza. Kilichoiweka hai kwa karibu karne nzima iliyofuata ni kazi. Liemba haikuwekwa mahali ikatazamwa. Ilibeba watu kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama katikati ya maji huku mitumbwi ikiifuata na abiria wakipanda ubavuni na mizigo yao. Mwaka 1997 ilisaidia kurudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi Zaire ya wakati huo. Mwezi Mei 2015 iliwachukua Warundi waliokwama Kagunga na kuwaleta Kigoma. Meli inayotegemewa namna hiyo hupakwa rangi, hukaguliwa, na bomba likitoboka huzibwa. Ingekuwa imeegeshwa tangu 1927, naamini tungekuwa tunaonyeshana picha tu.

Lakini kazi hiyohiyo inaila meli kwa njia nyingine. Kila matengenezo huondoa kitu cha zamani. Boila zilitoka na injini zake, vyumba vikapangwa upya, na ukarabati mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliofadhiliwa na Denmark, ukabadilisha mengine. Mimi siungi mkono wanaotaka isiguswe kamwe, kwa sababu meli ya abiria lazima iwe salama, na mama anayesafiri na mtoto mgongoni hana deni lolote kwa historia. Ninachokidai ni kumbukumbu. Meli ikipanda kwenye chelezo, unene wa vyuma vya bodi hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Vipimo hivyo vikihifadhiwa pamoja na picha na alama ya kila kipande kinachokatwa, mtafiti wa miaka 50 ijayo ataweza kusema hiki ni cha 1913, hiki ni cha 1927, hiki ni cha juzi. Na kipande kilichokatwa kisiishie kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mahali pake ni makumbusho, hata kama ni chumba kimoja hapa Kigoma.

Wazee nao wahojiwe. Wapo waliofanya kazi humo enzi za mvuke, waliokoleza moto na kusikiliza mlio wa injini usiku mzima. Michoro ya Papenburg haiwezi kumweleza mtu boila ilivyokuwa ikiendeshwa nahodha akikimbia upepo wa kusini.

Ukitaka kuanza utafiti wako mwenyewe, huhitaji kibali wala darubini. Meli ikiwa gatini, tazama ubavu wake mahali jua linapopiga kwa mshazari. Penye safu za vichwa vidogo vya mviringo, vimevimba chini ya rangi kwa mpangilio ulionyooka, hapo ni ribiti, na uwezekano ni mkubwa kwamba chuma hicho kilikuja kwa makasha. Penye mstari mmoja uliochomelewa bila vichwa, hapo ni kazi ya baadaye. Piga picha, andika tarehe, na uandike ni upande gani wa meli.