Nguzo ya Winogradsky ni nini?

Ni chombo kirefu kinachopitisha mwanga, hujazwa matope na maji ya bwawa au ya pwani, kisha huachwa penye mwanga kwa wiki kadhaa mpaka bakteria waliomo wajipange kwa matabaka ya rangi. Imepewa jina la Sergei Winogradsky (1856–1953), mzaliwa wa Kyiv, ambaye katika miaka ya 1880 alionyesha kuwa wapo bakteria wanaopata nishati kutokana na salfa.

Nyumbani, chupa ya plastiki ya maji inatosha. Sehemu ya chini changanya matope na gazeti lililochanwachanwa, ambalo ni chakula, pamoja na kiini cha yai la kuchemsha, chenye salfa. Juu yake weka matope matupu, kisha maji. Ukitumia matope ya mikoko na maji ya bahari, yai si lazima, kwani bahari ina salfeti (chumvi zenye salfa) tele. Kifuniko kilegeze, maana gesi hujaa.

Oksijeni ya chini huisha upesi. Hapo bakteria wa kuchachusha huvunja karatasi, na mabaki yao huliwa na wengine wanaotumia salfeti badala ya oksijeni na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka yai viza. Ikikutana na chuma kilichomo kwenye matope, matope huwa meusi. Aliyewahi kuzama mguu mikokoni maji yakiwa yamekupwa anaujua weusi huo, na harufu yake.

Gesi hiyo ni sumu kwa viumbe wengi, lakini bakteria wa kijani na wa zambarau huitumia katika usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga, badala ya maji yanayotumiwa na mimea, kwa hiyo hawatoi oksijeni. Wa kijani hukaa chini, gesi iliko nyingi. Wa zambarau, wasioivumilia sana, hukaa juu yao. Kwenye maji ya juu hutawala mwani na sainobakteria (bakteria wanaofanya usanisinuru kama mimea), na hao ndio wenye kutoa oksijeni.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni kwamba hakuna aliyepandwa. Wote walikuwemo matopeni tangu mwanzo, wachache na wametawanyika. Mwanga, gesi na chakula ndivyo vilivyoamua nani astawi wapi. Ukitaka kuhakikisha, tengeneza chupa ya pili na uizungushie kitambaa cheusi kizito. Weusi utatokea vilevile, kwa kuwa wanaoutengeneza hawahitaji mwanga, ila kijani na zambarau hutaviona.